Gari ya Ami Haipandwi na Viatu

Ukitaka kupanda gari ya Ami, kwanza ulivua viatu. Si mchezo, nnasema kweli. Ulisimama ukingoni mwa barabara pale Vuga, maana vichochoro vya kwetu Mkunazini gari haipiti, mbele za watu, na buibui lako zuri na manukato yako, ukavua viatu kama mtu anayeingia msikitini, ukavitia ndani ya kikapu cha ukili. Ami akakichukua kile kikapu kwa ncha za vidole, akakifungia kwenye buti, ndipo akakufungulia mlango. Mkifika mnakokwenda mlingoja humo humo ndani, miguu mitupu, mpaka yeye ashuke, aizunguke gari, aitazame mipira yote minne, halafu ndio akuleteeni kikapu kila mtu achague chake. Wapita njia walidhani tumekuja kuuza viatu.

Mimi mtu huyu sikumpenda. Nnalisema mapema, ili asije mtu akanambia mwishoni kuwa nimemwonea. Wapo wanaomtaja kwa kheri mpaka leo. Wanasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Na ni kweli, alikuwa mtu wa watu. Sisi wa nyumbani kwake ndio hatukuwa watu.

Tena gari yenyewe haikuwa yake. Babu aliinunua mwaka mmoja wa karafuu nyingi, gari ya Kiingereza, rangi ya chai ya maziwa, akatukusanya sote barazani, wakubwa kwa wadogo, akasema, "Hii ni gari ya nyumba. Si ya mtu." Babu mwenyewe hakujua kuendesha. Baba yangu, ambaye ndiye mtoto mkubwa, hakujua kuendesha. Ami, mdogo wake baba, alijua, maana alifundishwa na dereva wa afisi aliyokuwa karani. Babu alipofariki, funguo zilikuwa mfukoni mwa Ami, na mfukoni mwa Ami zikabaki.

Baba alimwomba siku moja, kwa upole, wakati wa chai ya asubuhi. "Na mimi nfundishe basi. Siku ukiwa hupo, watu wasikwame."

Ami alicheka. "Wewe kaka una mkono mzito. Utanivunjia gea."

Mkono mzito! Baba alikuwa fundi wa kanzu. Alidarizi shingo za kanzu kwa uzi wa hariri, kazi ya macho na pumzi, mpaka mabwana harusi wa mji mzima wakimfuata yeye. Kama kulikuwa na mkono mwepesi Mkunazini basi ulikuwa wake. Lakini baba alikuwa mtu wa kunyamaza. Alichovya mkate wake kwenye chai, akala, na hakuomba tena.

Sasa nieleze jinsi alivyoitunza, maana hilo nalo lilikuwa balaa peke yake. Maji ya bomba aliyakataa katakata. Alisema yana chokaa, na rejeta ikinywa chokaa inakufa. Basi gari ikawa inakunywa maji ya mvua, yale ya birika letu la uani, tuliyokuwa tukiyachunga kama dhahabu kwa kunywa na kupikia. Na si kunywa tu, hata kuoga iliogea hayo hayo, ati maji ya bomba yanaiwekea madoa meupe. Kiangazi kikikaza, birika linafika chini, na Ami anachota.

Bibi, mama yao, alimsimamia mlangoni. "Mwanangu, hebu nambie. Kwani gari yako inatia udhu?"

"Mama, tazama sufuria ya chai ilivyofanya ukoko mweupe ndani. Ndivyo itakavyokuwa rejeta."

"Na sisi matumbo yetu je?"

"Matumbo hayana vyuma, mama."

Tukanywa sisi chokaa, gari ikanywa mvua.

Halafu likaja la mafuta ya nazi. Alijitia akilini kuwa hewa ya bahari inakula bati, na hilo si uongo, lakini dawa yake akaibuni mwenyewe. Akawaambia wanawake wa nyumba wakune nazi, wapike mafuta, na Alkhamisi baada ya alasiri gari ipakwe kote, kuanzia boneti mpaka buti. Tulikuna nazi mpaka mbuzi ya kukunia ikatutoa malengelenge. Gari ikang'ara, ikanuka kama kichwa cha bi harusi. Ijumaa akaipeleka Bububu na kurudi, na vumbi lote la njiani likaganda juu yake, nene kama ukwaju. Sisimizi wakahamia kwenye madirisha. Mtu mwengine angelisema nimekosea. Yeye alisema mafuta hatukuyapika yakaiva.

Lakini sitamnyima haki yake. Sikio alikuwa nalo. Angeweza kuwa katikati ya maneno, mkono hewani, mara akanyamaza akainamisha kichwa: "Plagi ya tatu inalia." Akasimamisha gari, akafungua boneti, akaitoa plagi ya tatu, na kweli ilikuwa nyeusi tii. Aliisugua kwa kipande cha msasa, akaipuliza, akairudisha, akaipapasa boneti kwa kiganja mara mbili tatu. Sijapata kumwona akimpapasa mwanawe kichwa namna ile. Wanawe walipokuwa wakilia hakusikia plagi wala nini.

Neno lake kubwa lilikuwa "gari imechoka". Tukitoka mjini kwenda Bububu, tukifika Mtoni tu, gari imechoka. Tunashuka sote, tunasimama juani miguu mitupu, kwa kuwa kikapu hakitoki mpaka mwisho wa safari, yeye anaipepea mashine kwa gazeti. Siku moja ya Sikukuu mwanawe mdogo alitapika haluwa juu ya kiti. Ami hakupiga kelele. Alisimama, akafungua mlango, akawateremsha mtoto na mama yake. "Rudini kwa basi. Gari haiwezi mambo haya." Mkewe, maskini, alibaki pale na kanga ya Sikukuu imelowa, na mtoto begani.

Na mtu huyo huyo, ukimkuta njiani na gari ya mtu asiyemjua imekwama, ungesema malaika. Nilimwona kwa macho yangu pale Mwera: Banyani mmoja, gari yake imezama topeni, na Ami akavua koti, akalala kifudifudi ndani ya tope, akaifunga kamba, akaivuta kwa gari yetu mpaka klachi ikanuka moshi. Yule mzee wa Kibanyani alimshika mikono yote miwili kumshukuru. Ami akasema, "Ah, mzee, gari ni ya nini kama si kusaidiana?" Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, kikapu kiko buti, nikajiuma ulimi.

Kubwa lao ni la Uroa. Mkubwa wake wa kazini, Mzungu, gari ya serikali iliharibika Jumamosi, na yeye kesho yake anataka kwenda ufukweni na mkewe. Ami akajitolea. Siku zile njia ya kwenda kule ilikuwa mawe matupu yale makali ya pwani, yanayokata mpira kama wembe. Ami akenda. Akawapeleka, akawangoja kutwa, akawarudisha.

Jumatatu niliitwa niisafishe kwa ndani. Mchanga tele. Juu ya zulia la mbele, alama ya soli ya kiatu, kubwa, imekaa vizuri kama muhuri. Na kwenye kiti cha nyuma, manyoya.

"Ami," nikamwambia, "huyu bwana alipanda na viatu?"

"Yule mgeni."

"Na haya manyoya je?"

Akatazama upande. "Wana kijibwa chao kidogo."

"Mbwa, Ami? Humu?"

"Funga mdomo, sugua."

Sikufunga mdomo. Nilikwenda nyumbani, nikapanda ngazi nikamwambia bibi, na bibi akateremka na bakora yake mpaka Vuga, akasimama mpaka viti vikaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama sheria inavyotaka. Maji yalikuwa ya mvua, bila shaka. Ami alininunia wiki nzima. Na mimi nilikuwa na furaha, kwa sababu sikujua wiki ile itaisha vipi.

Mama yangu ni mtu wa Kiwengwa. Aliolewa mjini, akaishi mjini, lakini moyo wake uliachwa kule kwa mama yake. Alkhamisi ile, asubuhi, mjomba alikuja na gari ya shamba ya kwanza, na hata hakukaa. Alisema mlangoni, "Dada, mama hali yake si nzuri. Tangu jana anakutaja wewe tu. Kama utakuja, njoo sasa." Mjomba akakimbilia Darajani kununua dawa kwa mwuza dawa za Kiarabu, arudi na gari ya alasiri. Gari ya kabla ya hapo haikuwepo.

Mama alikwenda kwa Ami mwenyewe, hakumtuma baba. Nilifuatana naye. Ami alikuwa Vuga, ameinamia boneti.

"Shemeji," mama akasema, "mama yangu anakata roho. Nipeleke Kiwengwa."

"Gari imechoka, shemeji. Imetoka Uroa juzi tu."

Mama alimshika mkono wa kanzu. Mimi sijapata kumwona mama akimgusa mwanamme asiyekuwa wake. "Nakuomba kwa Mwenyezi Mungu. Nataka nimuwahi anitazame tu."

Watu wawili watatu walikuwa wanaangalia. Ami alipenda sana kuangaliwa. "Haya, haya, pandeni," akasema kwa sauti kubwa. "Mtu hakatai jambo la mgonjwa."

Tukavua viatu. Hata siku ile. Mama alivua makubadhi yake bila kutazama, huku machozi yanamtoka, akaingia. Mimi nikavua vyangu nikavipanga kando ya vyake ukingoni, kwa sababu kikapu sikukiona, nikadhani Ami atakitoa buti. Ami akafunga boneti. Akaizunguka gari kama desturi yake, mpira mmoja, wa pili, wa tatu, wa nne. Akakaa, akawasha, akaondoka.

Nnataka hapa tuelewane. Mtu ambaye haendi mahali bila ya kuizunguka gari, ambaye msumari ukilala mchangani anauona, mtu huyo atapita pembeni mwa pea mbili za viatu asivione? Aliviona. Mimi naapa mpaka leo kuwa aliviona, akaona uvivu kufungua buti.

Tukashika njia. Mama alikuwa anasoma kimoyomoyo. Tulipofika lami ilipokwisha, mbele kidogo ya Kinyasini, gari ikapunguza mwendo, ikasimama.

"Imechoka?" nikauliza.

"Hapa ndio mwisho," akasema. "Mbele ni mawe. Springi zikikatika huko, nani atatutoa?"

Mama hakufahamu mara moja. "Mwisho wa nini, shemeji?"

"Wa gari. Mtapata punda wa watu au gari ya ng'ombe, haikosi. Si mbali."

"Si mbali!" Mimi nilipiga kelele. "Ami, gari ya shamba inapita hapa kila siku na mihogo na kuku na watu juu ya paa! Uroa kulikuwa na zulia?"

"We mtoto, huna adabu. Uroa ilikuwa kazi."

Mama akanigusa goti, akafungua mlango mwenyewe. Hapo ndipo akatazama chini. Akaweka mguu juu ya jiwe, akaurudisha. "Viatu vyetu, shemeji."

Ami akenda buti, akafungua. Kikapu kile, kitupu. Akakitazama, akatutazama. Kama angelisema samahani, neno moja tu, pengine hata mimi leo ningekuwa nasimulia habari nyengine. Alisema, "Si mlivua wenyewe?"

Akageuza gari. Makubadhi yake yeye yalikuwa miguuni, maana dereva havui, dereva anakanyaga klachi.

Tulikwenda kwa miguu mitupu, mama na mimi, jua la mchana. Punda hakupita wala ng'ombe. Yale mawe aliyewahi kuyakanyaga anayajua, hayana mahali pa kuweka mguu ukasema hapa nimepumzika. Mimi nilifunga ushungi wangu mguuni, nikamwambia mama naye afunge, hakunisikia. Alikuwa anakwenda mbele yangu mbiombio, na kila alipokanyaga palibaki doa.

Tulipoingia kijijini kwao tuliwakuta wanaume wanarudi kutoka makaburini na majembe begani. Wakasimama walipotuona. Mama akayatazama yale majembe. Alikaa chini pale pale njiani, juu ya mchanga. Wanawake walimbeba, wakamwosha miguu kwa maji ya moto na chumvi, na hakulia kwa chumvi wala kwa kitu chengine. Mjomba na dawa yake alifika na gari ya alasiri, amekaa, amevaa viatu.

Baba alikuja kumchukua baada ya khitma. Akakaa naye ukumbini muda mrefu. Mama akamwambia maneno ambayo nilikuja kuyasikia mara nyingi baadaye kwa sababu hakuyabadilisha: "Mume wangu nakupenda. Lakini mimi sirudi kwenye nyumba yenye gari."

Na hakurudi. Baba alibaki na kazi yake ya kanzu mjini, akawa anakwenda Kiwengwa kila Alkhamisi kwa gari ya shamba na kurudi Jumamosi, na uzi wake wa hariri ndani ya mkoba. Sisi watoto tukagawika, huyu huku, huyu kule. Bibi alimwita Ami akamwambia akaombe radhi. Ami akasema atakwenda. Akasema atakwenda, akasema atakwenda, gari ilikuwa imechoka.

Ikachoka kweli mwishowe. Hewa ya bahari ilimaliza bati kutokea chini, mahali ambapo mafuta ya nazi hayakufika. Siku moja sakafu ya mbele ilitoboka chini ya miguu yake, kiatu kikagusa barabara. Ami akaifunika turubai, akaiwacha pale Vuga, na kila jioni akenda kuizunguka. Kuku wa jirani wakataga ndani. Bibi aliondoka duniani, baba naye akamfuata, na mama alikuja mjini kwa maziko tu, akarudi siku ile ile.

Mimi nikaolewa na dereva wa taksi. Ndio, cheka tu. Gari yake ilikuwa kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, na ndani mlikuwa na mchanga, maganda ya njugu, na mara moja jogoo. Siku ya kwanza kuipanda niliinama kuvua viatu kwa mazoea. Mume wangu akasema, "Unafanya nini? Utajichoma."

Miaka mingi ilikwisha kupita Ami aliponitumia mtu. Nilimkuta barazani, amekonda, kanzu imemzidi. Kifua kilikuwa kimemshika, na daktari alikwisha kumwambia maneno ambayo daktari hamwambii mtu wa kupona.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu." Akavuta pumzi. "Nataka kwenda kwa mama yako. Nataka nimuombe radhi kabla sijaondoka. Nasikia mumeo ana gari."

"Anayo. Na mawe ya kule anayajua."

Akainamisha macho. Sikumwonea huruma. Nnasema nilivyokuwa, si nilivyotakiwa niwe.

Mume wangu alisimamisha taksi pale pale Vuga, karibu na turubai. Nikamfungulia Ami mlango wa nyuma. Akaegemea, akainama taratibu, mkono mmoja ukutani, akavua makubadhi yake. Moja, halafu la pili. Akayapanga vizuri ukingoni, akaingia miguu mitupu, akangoja. Alikuwa anangoja kikapu.

Mimi niliyaona. Niliyaona vizuri kabisa, ngozi nyeusi, nakshi ya uzi mwekundu. Nikafunga mlango, nikapanda mbele. "Haya," nikamwambia mume wangu, "twende."

Lami ilikwisha, gari ikaingia maweni, ikaruka, ikalia, ikapita. Ami alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili mpaka Kiwengwa. Pale nikamfungulia. Akatoa mguu, akaugusisha chini, akaurudisha.

"Viatu vyangu?"

"Vipo Vuga, Ami. Si ulivua mwenyewe?"

Alinitazama. Nikajua amekumbuka, kila neno na pale liliposemewa. Akashuka. Kutoka njiani mpaka mlangoni kwa mama si mbali, lakini ni mawe, na yeye alikwenda akichechemea, ameshika fimbo, miguu ile myeupe ya mtu wa mjini ikitafuta pa kukanyaga. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alimwona tangu anashuka.

Hakumngoja aseme. Alitazama miguu yake, akavua kandambili zake mwenyewe, akaja nazo, akainama, akaziweka mbele yake. "Vaa, shemeji. Haya mawe nayajua."

Ami alilia hapo hapo, kwa sauti, mzee mzima. Akaomba radhi na mama akampa, mbele ya Mungu na mbele yetu, wakanywa kahawa. Mama hata akacheka, mara moja. Mimi nilikaa nje na mume wangu. Radhi ya mama ni ya mama. Mimi Ami hakuniomba, na angeniomba ningemwambia gari imechoka.

Jua lilipopunguka akatoka kurudi mjini, na kandambili za mama miguuni, zimembana. Nikamfungulia mlango. Akasimama, akaegemea, akainama taratibu, akazivua. Moja, halafu ya pili. Akazipanga mchangani, akaingia.

Niliziokota. Nikazipangusa mchanga kwa kanga yangu, nikarudi mpaka mlangoni, nikamvisha mama. Halafu nikapanda mbele.